Nani Atamgongea Nani Mlango? Mwongozo Kamili wa Kuandaa Mtaa au Kijiji kwa Maafa

Alfajiri ya tarehe 17 Januari 1995, saa kumi na moja na dakika 46, ardhi ilitikisika chini ya mji wa Kobe, Japani. Zaidi ya watu 6,400 walikufa. Nchi yenyewe haikuwa ya kubahatisha: ilikuwa na zimamoto, jeshi, sheria za ujenzi na wataalamu wa matetemeko. Hata hivyo, kati ya watu waliotolewa hai kwenye vifusi, takriban robo tatu walitolewa na ndugu na majirani zao, kwa mikono, kwa jeki za magari na kwa misumeno ya nyumbani. Zimamoto walizidiwa, barabara zikaziba, na mioto ilikuwa inawaka kila upande.

Mwongozo huu unasimama juu ya jambo hilo moja. Saa za mwanzo za maafa ni za majirani, wapende wasipende. Kwa hiyo mpango wa dharura wa mtaa kazi yake kuu ni kuhakikisha kwamba mtu fulani, mwenye jina, anajua agonge mlango upi, apite wapi, na ampeleke wapi aliyemo ndani. Mengine yote ni nyongeza. Baadhi ni nyongeza muhimu na nitayafikia, lakini yakikushinda yote, shika hilo.

Vikaoni siku hizi neno linalotawala ni "ustahimilivu". Baya lake ni kwamba linasikika kama sifa ya kuvumilia kipigo. Mimi nalitumia kwa maana nyepesi: pigo likija wafe wachache, kiharibike kidogo, na watu warudi kwenye shughuli zao mapema.

Hatua ya kwanza: tafuta watu watano, usiitishe mkutano

Wengi huanza na mkutano wa hadhara. Hotuba zinatolewa, kamati ya watu kumi na wanane inapitishwa kwa makofi, na baada ya wiki mbili hakuna anayekumbuka katibu ni nani. Anza na watu watano hadi saba. Usitafute wenye vyeo. Tafuta wanaofunguliwa milango. Kila mtaa una mtu ambaye akibisha hodi usiku wa manane hafanyiwi mahojiano: muuguzi mstaafu, mkunga, mwenye duka la pembeni, mwalimu, kiongozi wa ibada, kijana anayetengeneza simu za kila mtu. Hao ndio mtaji. Wawemo wanawake na wanaume, wapangaji na wenye nyumba. Awemo pia mtu mwenye ulemavu, maana yeye ndiye atakayeiona ile ngazi na ule mtaro ambao ninyi wengine mnauruka bila kufikiri.

Kiongozi wa serikali wa eneo lenu apewe taarifa mapema, kabla hajasikia kwa watu kwamba kuna kikundi kinakutana. Muulizeni mambo matatu: nani ana mamlaka ya kutoa amri ya kuhama, tahadhari rasmi hutufikia kwa njia gani, na jengo lipi limetengwa kuwa makazi ya muda. Akikosa majibu, hapo hapo mmeshajua pengo liko wapi.

Hatua ya pili: chora ramani kwa miguu

Chukueni karatasi kubwa na kalamu za rangi, kisha tembeeni eneo lote. Msichore kutoka ofisini. Mnapotembea, wekeni alama mahali maji yanaposimama, miteremko iliyokatwa bila ukuta, nguzo za umeme zilizoinama, miti mikubwa iliyooza, maduka ya mafuta na gesi, madaraja, vichochoro ambavyo gari la zimamoto haliwezi kuingia. Halafu wekeni vya kuwasaidia: visima, zahanati, viwanja vya wazi, majengo imara ya ghorofa, mtu mwenye trekta, mtu mwenye mtumbwi, mtu mwenye jenereta.

Njiani simameni kwa wazee. Waulizeni maji yalifika wapi mwaka ule mbaya kuliko yote, na wawaonyeshe kwa kidole ukutani. Usiwakatize hata wakikosea mwaka. Katika kisiwa cha Simeulue, Indonesia, tsunami ya mwaka 1907 iliua watu wengi, na walionusurika wakaacha neno moja, *smong*, wakilisimulia na kuliimba kizazi hadi kizazi: ardhi ikitikisika sana na bahari ikarudi nyuma, kimbilia mlimani bila kungoja kuambiwa. Tarehe 26 Desemba 2004 wimbi lilipokuja, kisiwa chenye wakazi wapatao 78,000 kilipoteza watu 7 tu, ingawa kilikuwa karibu sana na kitovu cha tetemeko. Hakukuwa na king'ora. Kulikuwa na hadithi ya bibi.

Ramani nzuri peke yake haiokoi mtu. Mwezi mmoja kabla volkano ya Nevado del Ruiz ya Kolombia haijalipuka, tarehe 13 Novemba 1985, wataalamu walikuwa wamekwisha kuandaa ramani inayoonyesha kwamba mji wa Armero uko kwenye njia ya tope. Tope lilifuata njia hiyo hiyo usiku, na zaidi ya watu 20,000 wakafa. Kwa hiyo ramani yenu mkishaichora, ibandikeni mahali watu wanapopanga foleni, kisha kaeni hapo siku nzima mkiwaeleza watu na kukubali kusahihishwa. Watasahihisha sana, na kila sahihisho ni mtu aliyeisoma.

Mkimaliza, chagueni matishio mawili au matatu ya kuyapangia. Mafuriko, moto, tetemeko, kimbunga, maporomoko ya udongo, joto kali, ukame, mlipuko wa ugonjwa: huwezi kuyapangia yote mwaka wa kwanza. Chagueni lile linalokuja mara nyingi na lile linaloua wengi hata kama huja mara moja katika miaka hamsini. Mara nyingi ni mawili tofauti, na watu watavutia kwenye la kwanza. Shikilieni yote mawili.

Hatua ya tatu: daftari la kaya

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo vikundi vingi hukata tamaa kwa sababu hakuna picha nzuri ya kupiga. Gawaneni eneo katika vipande vya nyumba kumi hadi ishirini. Kila kipande kiwe na watu wawili wanaoishi hapo hapo. Wawili, kwa sababu mmoja siku hiyo atakuwa safarini.

Hawa wawili wanapita nyumba kwa nyumba na maswali machache. Wangapi wanalala hapa? Nani hawezi kutoka mwenyewe? Nani anahitaji dawa kila siku, hasa ya kuhifadhiwa kwenye baridi kama insulini, au mashine inayotumia umeme? Nani hasikii au haoni? Lugha ipi inaeleweka humu ndani? Kuna saa ambazo watoto huwa peke yao? Nani ana ujuzi: uuguzi, ufundi umeme, uogeleaji, udereva wa lori? Mkipotezana, mtampigia nani anayeishi mbali na hapa?

Msiulize mapato wala kabila. Msiulize chochote ambacho hamtakitumia usiku wa dharura. Mwenye nyumba akikataa kujibu, mshukuruni na muandike tu "nyumba ipo, watu wamo". Daftari libaki kwenye karatasi, nakala mbili kwa kila kipande na moja kwa mratibu wa mtaa mzima, lisipigwe picha na kurushwa kwenye makundi ya simu. Orodha ya wazee wanaoishi peke yao ni zawadi kwa mwizi, na watu wakisikia imezagaa hamtafunguliwa mlango tena.

Baada ya hapo, kila jina lenye uhitaji lipate majina mawili ya majirani. Hao ndio wa kumgongea mlango, na wamkubali yeye kama yeye anavyowakubali. Mkae pamoja mara moja, na mseme kwa sauti: "Maji yakija, mimi na fulani tunakuja kukuchukua. Kiti chako cha magurudumu tunakibeba hivi. Dawa zako ziko wapi?" Dakika kumi zinatosha. Mazungumzo hayo yana thamani kuliko semina ya siku tatu, na nasema hivyo nikiwa nimehudhuria semina za kutosha.

Mnaona uzito wa jambo hili mkitazama Chicago, Julai 1995. Joto kali la siku chache liliua watu zaidi ya 700. Hapakuwa na jengo lililoanguka wala barabara iliyofungwa. Wengi wa waliokufa walikuwa wazee wanaoishi peke yao, madirisha yamefungwa, na hakuna aliyepita kuwajulia hali. Kimbunga Katrina kilipoikaribia New Orleans mwaka 2005, amri ya kuhama ilitolewa na wenye magari wakaondoka kwa wingi; waliobaki walikuwa zaidi maskini, wazee, wagonjwa na watu wasio na usafiri. Wengine waligoma kuwaacha wanyama wao, jambo lililosumbua kiasi kwamba mwaka uliofuata Marekani ilitunga sheria inayotaka mipango ya dharura iwahesabu wanyama wa nyumbani pia. Kwa hiyo ongezeni swali: kuna mifugo au mnyama gani ambaye hamtakubali kumwacha? Mtu asipopata jibu la ng'ombe wake, haondoki.

Hatua ya nne: kubalianeni ishara ya kuondoka kabla haijahitajika

Tahadhari hufeli mahali pawili. Ama haimfikii mtu, ama inamfikia na hajui afanye nini nayo. "Mvua kubwa inatarajiwa" ni habari. "Maji yakifika kwenye mstari mwekundu wa daraja, kipande A na B vinahama" ni mpango.

Pakeni rangi nguzo ya daraja au jiwe la mtoni: kijani, njano, nyekundu. Kila rangi iwe na kazi yake. Kijani, mtu mmoja anaangalia kila asubuhi msimu wote wa mvua. Njano, wenye uhitaji wanaanza kuhamishwa, mifugo inapandishwa juu, mifuko inawekwa mlangoni. Nyekundu, kila mtu anaondoka. Kwa tishio lisilo na mto tafuteni alama nyingine: nyufa mpya ardhini na miti inayoanza kuinama kwenye mteremko, chemchemi iliyogeuka tope ghafla, kiwango cha joto cha siku tatu mfululizo, tangazo la mamlaka ya hali ya hewa. Tetemeko halitoi nafasi hiyo. Hapo ishara ni tetemeko lenyewe, na kwa walio pwani tetemeko refu au kali ndiyo amri ya kupanda juu.

Andikeni pia nani anaruhusiwa kusema "ondokeni" bila kusubiri simu kutoka juu. Tarehe 11 Machi 2011, kwenye shule ya msingi ya Okawa mjini Ishinomaki, Japani, watoto walikusanywa uwanjani baada ya tetemeko na kukaa hapo kwa takriban dakika hamsini huku wakubwa wakijadiliana waende wapi. Kulikuwa na kilima nyuma ya shule. Tsunami iliua wanafunzi 74 na walimu 10. Mwongozo wa shule ulielekeza watu wahamie kwenye uwanja wazi au bustani iliyo karibu, bila kutaja ni ipi. Katika mji wa Kamaishi, kwenye pwani hiyo hiyo, wanafunzi waliokuwa wamezoezwa kukimbia juu bila kungoja, na kuendelea kupanda zaidi wakiona mahali pa kwanza hapatoshi, walinusurika karibu wote, takriban 3,000.

Kwa hiyo katika mpango wenu pasiwe na sentensi yenye "mahali salama palipo karibu". Patajeni jina.

Na kengele ya uongo je? Itatokea. Mtahama na mafuriko hayatakuja, na mtachekwa. Jibu lake litayarishwe mapema: siku hiyo hiyo mkusanye watu, mseme wazi ishara ilikuwa ipi na kwa nini mlifuata, kisha mlitumie kama zoezi. Msiombe radhi kwa kuhama.

Hatua ya tano: njia na mahali pa kufikia

Kila kipande kiwe na njia mbili za kutoka, maana moja itazibwa na kile kile mnachokikimbia. Zitembeeni usiku, bila taa za barabarani, mkiwa na mtu anayetumia gongo. Mtashangaa jinsi dakika tano za mchana zinavyogeuka ishirini.

Waelezeni watu, hasa vijana, kuhusu maji yanayokwenda kasi. Kina cha sentimita 15 kinaweza kumwangusha mtu mzima, sentimita 30 hubeba gari dogo, na sentimita 60 huondoka na magari mengi makubwa. Barabara iliyofunikwa na maji inaweza kuwa imekwisha kukatika chini. Hilo lirudiwe hadi lichoshe.

Jengo la kufikia lipimwe kwa hesabu kabla ya moyo wa huruma. Viwango vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu vinataka angalau mita za mraba 3.5 kwa kila mtu, lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, na choo kimoja kwa watu 20 (siku za mwanzo kabisa huvumiliwa hadi 50). Ukumbi wa mita 20 kwa 14 una mita za mraba 280, yaani watu 80. Watu 80 wanahitaji lita 1,200 za maji kila siku na vyoo vinne. Ukumbi wenu una vyoo vingapi? Hesabu hii ya dakika mbili huvunja mipango mingi iliyoandikwa "wakazi wote watapelekwa ukumbini", na ni afadhali ivunjike leo. Gawanyeni: nani atakwenda kwa ndugu, nani ukumbini, nani jengo la pili.

Funguo za ukumbi ziko kwa nani? Nakala ziko kwa nani mwingine? Swali la kitoto, lakini mlango uliofungwa kwa kufuli saa nane za usiku hauna utoto.

Jambo jingine hupuuzwa. Kimbunga cha mwaka 1991 kiliua takriban watu 140,000 Bangladesh, na wanawake walikufa wengi kuliko wanaume. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba wengi walibaki nyumbani na watoto wakingoja ruhusa au mwanamume wa kuwasindikiza, na makazi ya dharura hayakuwa na faragha wala vyoo vyao. Majengo yaliyojengwa baadaye yaliwekewa vyumba vya wanawake, na mengine yakapata nafasi ya mifugo. Mahali ambapo mama anaogopa kulala hapajawa salama, hata kuta zikiwa za zege. Panga taa, panga vyumba, weka wanawake katika usimamizi wa usiku.

Hatua ya sita: simu zikikata

Kimbunga Idai kilipotua karibu na Beira, Msumbiji, usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, mji ulikatika: simu, umeme na barabara. Jueni kwamba kundi lenu la ujumbe wa simu lenye wanachama mia tatu linaweza kunyamaza saa ile ile mnapolihitaji.

Pangeni ngazi tatu. Ya kwanza ni simu, kwa ujumbe mfupi wa maandishi zaidi ya kupiga, kwa kuwa ujumbe hupita hata mtandao ukiwa umelemewa. Ya pili ni sauti: kipaza sauti cha mkononi, kengele ya shule, spika za nyumba za ibada, filimbi. Ishara ya sauti iwe moja tu, na iwe ile ambayo haitumiki kwa jambo jingine. Ya tatu ni miguu: wawili wa kila kipande wanajua nyumba zao, na kijana wa mbio anajua njia ya kwa mratibu. Bangladesh, baada ya kimbunga cha Novemba 1970 kilichoua watu wasiopungua 300,000, ilianzisha mwaka 1972 mpango wa kujitolea ambao leo una watu zaidi ya 70,000. Silaha zao ni bendera moja, mbili au tatu juu ya mlingoti, king'ora cha mkono, kipaza sauti na kupita nyumba kwa nyumba. Vimbunga bado vinapiga pwani ile, lakini idadi ya vifo imeshuka hadi kutofananishwa na ya zamani.

Redio ndogo ya betri iwepo katika kila kipande, na betri zake zisikae ndani ya redio mwaka mzima. Huvuja.

Hatua ya saba: vifaa na mikono inayojua

Orodha za vifaa hupendwa mno, na ndiyo maana nimezichelewesha. Nyumbani, lengo ni kujimudu siku tatu: maji takriban lita nne kwa mtu kwa siku, chakula kisichohitaji kupikwa, tochi, dawa za wiki moja, nakala za vitambulisho na hati ndani ya mfuko wa plastiki, nguo za mtoto, taulo za hedhi, chaja, fedha taslimu za noti ndogo. Familia isiyoweza kununua kwa mkupuo iongeze kitu kimoja kila mwezi. Kwa mtaa mzima: kamba ndefu, majembe, misumeno, machela, nyundo nzito, mitaimbo, jeki, koti za kung'aa, sanduku la huduma ya kwanza, dawa ya klorini. Visifungiwe mahali pamoja kwenye bonde.

Mikono ni muhimu kuliko sanduku. Katika kila kipande wawepo watu wanne wanaojua kuzuia damu inayotoka kwa wingi kwa kukandamiza jeraha, kufufua mtu aliyesimama mapigo ya moyo, kumlaza vizuri aliyezimia, na kuzima umeme na gesi ya nyumba. Ombeni mafunzo kwa Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu ya nchi yenu, au kwa zimamoto. Mara nyingi hukubali kikundi kikiwa tayari kimejipanga.

Kuna mambo mawili yanayoua baada ya dhoruba yenyewe kupita. Jenereta au jiko la mkaa ndani ya nyumba hutoa gesi isiyo na harufu inayolaza watu wasiamke. Jenereta ikae nje, mita sita au zaidi kutoka milango na madirisha. La pili ni maji. Yachemshwe hadi yatokote kwa nguvu dakika moja, au dakika tatu kwenye miinuko ya juu ya mita 2,000. Kule Beira, kipindupindu kilitangazwa kabla wiki mbili hazijapita tangu kimbunga.

Hatua ya nane: fanyeni zoezi, na mlifanye liwe gumu

Tarehe 19 Septemba 2017, saa tano asubuhi, Mji wa Mexico ulifanya zoezi la tetemeko kama kila mwaka, kukumbuka tetemeko la tarehe hiyo hiyo mwaka 1985. Saa saba na dakika 14 mchana, tetemeko la kweli likapiga. Watu waliokuwa wametoka asubuhi kwa kunung'unika walijua mlango upi wa kutokea.

Anzeni mezani. Watu saba, ramani, dakika arobaini. Mmoja anasoma: "Ni saa saba usiku, Jumapili. Mvua siku ya tatu. Maji yamefika njano. Mratibu hapatikani. Fanyeni nini?" Kila dakika tano ongezeni balaa: daraja limekatika, mama mjamzito ameanza uchungu, mtandao wa simu umepotea. Anayejibu "tutawasiliana na mamlaka" aulizwe: kwa namba ipi, na wasipopokea?

Baadaye fanyeni zoezi la kipande kimoja, kisha mtaa mzima, mara moja kwa mwaka kabla ya msimu wa hatari. Ondoeni kiongozi mkuu kwa makusudi, mkalisheni pembeni na chai yake. Pimeni muda kutoka kengele hadi mtu wa mwisho kufika. Mwisho wa zoezi msipongezane kwanza. Andikeni vitu vitatu vilivyoshindikana na jina la mtu wa kurekebisha kila kimoja. Zoezi lililokwenda bila dosari lilikuwa igizo.

Hatua ya tisa: siku baada ya siku ile

Wawili wa kila kipande waanze na hesabu: nani yupo, nani hayupo, nani alionekana wapi mara ya mwisho. Daftari ndilo linalowapa waokoaji mahali pa kuchimba. Msiwaruhusu watu kurudi kwenye nyumba zenye nyufa, nyaya zilizolala au harufu ya gesi. Hasara ipigwe picha kabla ya usafi kuanza, maana madai ya fidia au bima yatahitaji ushahidi.

Teueni msemaji mmoja na ubao mmoja wa matangazo, wenye saa ya kubadilishwa hata kama hakuna jipya. Uvumi hujaza ukimya. Misaada nayo isimamiwe kwa orodha iliyobandikwa hadharani, jina na alichopokea, ili manung'uniko yapate pa kuangalia. Semeni mnachohitaji, la sivyo mtaletewa lundo la nguo za baridi katikati ya joto na mkose mtu wa kuzipanga.

Watoto warudishiwe ratiba mapema, hata kama ni saa mbili za michezo chini ya mti. Wakubwa pia wana usingizi uliokatika na hasira zisizo na mwenyewe. Wasemeshwe, wasilazimishwe kusimulia.

Halafu kuna dirisha dogo, pengine miezi michache, ambapo kila mtu anakumbuka na viongozi wanasikiliza. Ndipo pa kudai mtaro upanuliwe, mteremko upandwe miti, nyumba zisijengwe tena kwenye mkondo, paa zifungwe kwa mikanda. Andaeni madai hayo sasa, yakiwa yamechorwa na kupimwa, ili siku hiyo mtoe karatasi mfukoni badala ya kuanza kufikiri.

Ukurasa mmoja

Mpango wote ubane kwenye ukurasa mmoja wa kubandika nyuma ya mlango: ishara, njia mbili, jina la mahali, majina ya wawili wa kipande, mtu wa mbali wa kumpigia, na namba za dharura za nchi yenu. Tumieni lugha inayozungumzwa mtaani, na michoro kwa wasiosoma. Kurasa nyingine zikae kwa mratibu.

Juu kabisa, kabla hata ya kichwa cha habari, andikeni tarehe ya kuurudia, isizidi miezi sita. Watu huhama, huzaa, hufa, hubadili namba. Tarehe hiyo ikifika, wawili wa kila kipande wachukue daftari lao na kalamu, waanzie nyumba ya kwanza, wapige hodi.